Nampiga Picha Mume, Nangoja Maneno ya Mke

Mama Teodora, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa miaka, kwetu Bujora gazeti likifika tunaanza na ukurasa wako ndipo twende kwenye mpira, na kuna matatizo ya wenzangu niliyowahi kuyacheka humu, lakini leo zamu ni yangu, nimekwama, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza. Majina yote nimeyabadilisha, na langu pia, niite Nestory.

Mimi ni mpiga picha, sijaoa, nina studio mjini Mwanza, kazi zangu ni harusi, kipaimara na picha za pasipoti. Mwanzoni mwa kiangazi alinijia mwanamuziki ambaye huku kwetu hata watoto wanazijua nyimbo zake, nitamwita Chenge, mpiga gitaa na mwimbaji mwenye bendi yake, akaniambia anataka kufanya ziara kuzunguka ziwa, Magu, Lamadi, Bunda, Musoma, kisha avuke kwenda Nansio, na anataka mtu wa kumpiga picha safari nzima. Akasema, "Jukwaani kila mwenye simu atanipiga. Wewe nipige nikila, nikifua, nikingoja gari. Nataka watu waone muziki unapikwa wapi." Nikaipenda kazi hapohapo, maana hakuna bwana harusi aliyewahi kuniambia maneno kama hayo.

Tulipokuwa tunapakia spika akaniongezea jambo moja, na hilo ndilo lililonifikisha hapa. Alinipa namba ya mke wake akasema, "Huyu ni shemeji yako Evelina, fundi cherehani pale Nyegezi. Mimi kuandika meseji siwezi, vidole vyangu vimezoea nyuzi. Kila siku mtumie picha mbili tatu, aone kuwa nipo."

Basi Magu nikamtumia picha ya Chenge amechuchumaa kando ya gari ananawa uso kwa maji ya dumu, nikaandika, "Shikamoo shemeji, mzee yupo salama," nikadhani atajibu asante yaishe. Akajibu, "Marahaba, ingawa mimi si mzee. Amepungua shingo. Hilo shati la kijani limeachia kwapani, mwambie asinyanyue mkono jukwaani." Nikacheka, kwa sababu mashati yote ya bendi ameyashona yeye. Lamadi nikamtumia picha ya mpiga ngoma wetu Obedi amekalia spika anatafuna michembe, vile viazi vilivyokaushwa, akaniuliza, "Nyuma yake kuna mama amebeba mtoto, anaitazama ile michembe. Ulimwona?" Mama Teodora, ile picha niliipiga mimi na yule mama sikumwona. Nikaikuza kwenye simu, kweli yupo, na uso wake ndio uliokuwa mzuri kuliko vyote pale. Nimepiga picha miaka mingi, watu wakipokea albamu zao wanajitafuta wenyewe, wakijiona wamependeza wanafunga, hajawahi kutokea mtu wa kutazama picha yangu kama mtu anayesoma barua kutoka kwao.

Tangu siku ile nikaanza kupiga kwa ajili ya macho yake. Chenge akiimba nampiga haraka haraka, kisha natoka nje kutafuta kitu ambacho Evelina angekiona, kina mama wanaoanika dagaa ufukweni Musoma, mawe, kivuli cha nyavu kwenye ukuta wa kanisa. Siku moja nikamtumia maji matupu, ziwa limetulia, akaandika, "Leo umenitumia ziwa peke yake. Mume wangu yuko wapi?" Nikamjibu amelala. Akasema, "Basi mwache alale. Ziwa zuri."

Baadaye akaacha kuandika akawa anatuma ujumbe wa sauti, anaongea huku anashona, cherehani inalia chini ya maneno yake, ikisimama najua anafikiri, ikianza najua amepata la kusema. Kwenye gari wenzangu wanasikiliza muziki, mimi naweka visikilizi namsikiliza mke wa bosi wangu anavyosema kuhusu rangi ya kitambaa cha mwanamke niliyempiga sokoni Bunda, na njia nzima naona fupi. Alikuwa ananiita shemeji, kisha kaka Nesto, halafu siku moja akaniita Nestory tu, nami nikaurudia ujumbe ule mpaka Obedi akaniuliza kama nimefiwa. Sijawahi kumwona, Mama. Picha yake ya Watsapu ni gauni limetundikwa ukutani.

Tukavuka kwenda Ukerewe. Nansio palikuwa na mwanamke anatungoja, nitamwita Wilhelmina, ana mgahawa karibu na gati, na Chenge aliposhuka mwanamke huyo alimpokea gitaa kabla hajampokea mkono, nikajua huyu si mgeni hapa. Sisi tulilala gesti, Chenge hakulala gesti. Nataka nikwambie kweli, Wilhelmina si mtu mbaya, alitupikia sato na kunichagulia kichwa, akaniuliza, "Na wewe unayepiga wenzako, nani anakupiga?" Siku ya pili Chenge akaniita pembeni akasema kwa upole, "Nesto, wewe fundi. Unajua pa kukatia."

Nikakata. Mkono uliokuwa begani mwake nikauacha nje ya picha, kikombe cha pili nikakisogeza, kanga kwenye kamba nyuma yake nikapiga toka upande mwingine isionekane. Kazi niliyojifunza ili vitu vionekane, Nansio niliifanya ili visionekane, na picha zikatoka nzuri, hilo ndilo linaloniuma, zilitoka nzuri sana.

Lakini Evelina ni fundi. Nilimtumia picha ya Chenge amekaa kwenye ngazi anapiga gitaa, shati la bluu, yeye peke yake kabisa, nikajisifu kwamba humu hakuna kitu. Sauti yake ikaja bila cherehani. "Kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mweupe. Mimi sishoni bluu kwa uzi mweupe. Nani amemshonea?"

Nikaandika, "Nimeshona mimi, shemeji."

Akajibu, "Umeshona vizuri."

Tangu hapo hasemi neno juu ya picha zangu. Natuma, anaona, ananyamaza. Nimemtumia machweo, nimemtumia watoto wanaogelea, nimemtumia michungwa ambayo zamani ningepata ujumbe mrefu kwa ajili yake, kimya. Nakwambia hamu niliyonayo ya kusikia ile cherehani siwezi kuieleza, kamera naishika kama jembe.

Nikamwendea Obedi, akaniambia, "Wewe piga picha, nyumba za watu waachie wenyewe." Nikajaribu kumgusia Chenge, akanipiga begani. "Nampenda mke wangu, Nesto. Na akiona picha zako ananipenda zaidi, amenambia mwenyewe. Unanisaidia kuliko unavyojua." Sikulala vizuri baada ya maneno hayo, kwa sababu huyo Chenge anayependwa kule Nyegezi, nusu yake nimemtengeneza mimi.

Na kuna picha moja sijaituma kwa mtu. Mchana mmoja Chenge alilala barazani kichwa kikiwa mapajani mwa Wilhelmina, naye anampepea kwa mfuniko wa sufuria huku anatazama ziwa. Hawakujua nipo. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, naifungua kila siku, na kila nikiifungua nawaza Evelina angesema nini.

Juzi ameandika. "Mkirudi Mwanza nataka kukuona, Nestory. Nina swali, na nataka nikuulize uso kwa uso, kwa sababu ukiandika unapata muda wa kufikiri." Meli yetu ni wiki ijayo. Je, nimwambie ukweli na kumwonyesha ile picha, ajue anaishi na nani? Au ninyamaze nilinde ndoa ya watu? Nikiwaza kumwambia, moyo unafurahi kidogo, na furaha hiyo inanitisha. Nisaidie, Mama, nampenda mtu ambaye sijawahi kumwona.

Nestory, Nansio

MAMA TEODORA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekujibu kwa ujumbe wa simu kabla ya gazeti kutoka, kwa sababu meli haiwezi kungoja Jumamosi. Haya ndiyo niliyokuandikia.

Pole. Kuna watu wanaishi na kuzeeka bila mtu mmoja kutazama kazi yao sawasawa, wewe umempata, na amekuwa mke wa mwenzako. Hamu yako ni ya kweli na sitaikejeli. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umeniuliza kama umwambie Evelina ukweli, kana kwamba yeye hajui. Fundi aliyeona uzi mweupe kwenye kifungo cha tatu haulizi habari za kifungo. Alikuwa anakuuliza wewe ni mtu wa nani. Kule kote mlikozunguka hakuwa na jicho lingine ila lako, akalijaribu, nawe ukasema umeshona wewe. Ulipomdanganya ndipo alipojua, maana kama mwanamke aliyeshona angekuwa wa kutajika, ungemtaja. Kimya unachokililia umekinunua mwenyewe.

Usijifanye mlinzi wa ndoa ya watu. Ulikuwa unalinda ujumbe wa sauti. Uliogopa kwamba siku Evelina akiujua ukweli, zile picha zitakwisha na sauti yake itakwisha. Na hiyo furaha kidogo unayoisikia ukiwaza kumwambia, umefanya vema kuitilia shaka. Ni furaha ya mtu anayeona nyumba ya jirani inaungua na kuwaza kwamba sasa jirani atakuja kulala kwake.

Unasema unampenda. Unapenda anavyokusoma. Je, akikasirika anakuwaje? Akiwa na njaa? Hujui hata urefu wake. Humjui, Nestory, unamjua anavyokujua wewe, na watu wengi wameoana kwa kosa hilo.

Ile picha ya barazani hutamwonyesha. Yule Wilhelmina alikuwa anampepea mtu wake kwenye baraza lake mwenyewe, hakukuruhusu, na si haki uchukue mchana wake ukaufanye fimbo ya kumpigia mwanamke mwingine. Mpelekee yeye. Akisema ifutwe, ifute mbele yake, hata kama machozi yatakutoka. Najua yatakutoka.

Kisha mfuate Chenge kabla ya kupanda meli. Mchana, akiwa hajanywa, mkiwa wawili. Mwambie: nimemdanganya mke wako kwa ajili yako, sitarudia, na akiniuliza sitaficha, kwa hiyo mwambie wewe kwanza. Mwambie na kazi unaiacha. Usimhukumu, hajakuajiri kwa hilo.

Kwa Evelina nenda mara moja. Nenda mahali pake pa kazi, mlango wazi, watu wakiwepo, bila kamera. Akuulize yeye. Jibu alichouliza, usiongeze. Mengine mwambie amuulize mumewe. Usimfariji, usimshike bega, na hayo ya moyo wako usiyaseme kabisa. Atakuwa amebeba ya kumtosha.

HALAFU NESTORY AKAANDIKA TENA

Ameniruhusu niuweke ujumbe wake hapa.

"Mama, nilimpelekea Wilhelmina ile picha. Aliitazama muda mrefu akasema, 'Kumbe tunapendeza.' Kisha akasema futa, nikafuta.

"Chenge nilimkuta anabadilisha nyuzi za gitaa. Nikasema yote kama ulivyonielekeza. Hakunifokea. Alikaza uzi, akaulegeza, akasema, 'Unampenda mke wangu.' Hakuwa anauliza. Nikasema ndiyo. Akasema, 'Nilijua tangu ulipoanza kumtumia ziwa. Nikajiambia ni picha tu.' Akaniambia niondoke, atamwambia mwenyewe. Na alimwambia, siku ileile tuliyoshuka Mwanza.

"Siku iliyofuata nilikwenda Nyegezi. Palikuwa na wasichana wanajifunza kushona, na yeye amesimama mezani anakata kitambaa. Ni mfupi kuliko sauti yake. Nilisalimia, wasichana wakageuka, yeye hakugeuka. Akaniuliza, 'Kifungo kile ulishona wewe?' Nikasema hapana. 'Ulikuwa unajua?' Nikasema nilijua. Akaendelea kukata mpaka mwisho wa mstari, akaweka mkasi chini ndipo akanitazama. Akasema, 'Kule nilikuwa na mtu mmoja tu, nikadhani ni wewe.' Nikasema nisamehe, shemeji. Akasema, 'Nimesikia.' Hakusema amenisamehe, alisema amesikia. Nikatoka.

"Sasa Chenge anakaa kwa kaka yake, wazee wa pande mbili wameitwa, sijui wataamua nini. Mimi nimerudi mjini. Simu ikilia moyo unaruka, nikiona si yeye nakaa chini. Nina picha nyingi za safari ambazo hajaziona, na kila moja najua angesema nini, au nadhani najua. Mama, muda umepita kidogo. Nimwandikie? Hata salamu tu?"

Usimwandikie, Nestory.

Umefanya yale magumu, na umeyafanya kwa heshima, nakupongeza. Usiyaharibu kwa salamu. Hiyo "salamu tu" yako ina miguu, ikiingia ndani itatafuta kiti. Huyo mama sasa ana wazee sebuleni, ana mume wa kumrudisha au kumwacha, na hilo ataliamua kwa kichwa chake na ndugu zake. Akimrudisha Chenge, asiwe amemrudisha kwa kukukimbia wewe. Akimwacha, watu wa Nyegezi wasiseme alikuwa na mpiga picha. Ukimpenda kweli, hilo utamlinda nalo, na yeye hatajua kama ulimlinda.

Namba yake iondoe kwenye simu. Yako anayo. Akitaka kukuandikia, iwe mwakani au lini, ataandika, na siku hiyo uniulize tena, nitakujibu vingine. Asipoandika, utaumia, na si kwa siku mbili. Nami katika usichana wangu nilimngoja mtu ambaye hakuandika. Kila Ijumaa nilikuwa nasimama nje ya posta, mpaka karani akawa ananitikisia kichwa toka mbali kunipunguzia hatua. Sikupona pale posta, mwanangu. Nilipona siku nilipopita barabara nyingine kwenda kazini.

Picha za safari zihifadhi, usizitazame mpaka uweze kuzitazama kwa macho yako mwenyewe. Kesho asubuhi fungua studio, fagia mlangoni, mtu akija kupiga pasipoti mkaribishe kiti.